Kicheko cha shangazi

Ndugu msikilizaji, juma hili sitazungumzia bei ya sukari wala mashimo ya barabara zetu, ingawa yote mawili yapo na hayajapungua. Juma hili nina kosa la kukiri, na kwa kuwa nililitenda hadharani, naona si haki nikalikiri chumbani.

Mwezi Julai nilikwenda kumsalimia shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi Ngare Nanyuki, upande ule wa Mlima Meru ambao wengi wetu wa mjini tunaufahamu kwa jina moja tu la Momela. Ukitoka Arusha unafika Usa River, unaiacha barabara kuu na kupanda kuelekea Ngurdoto, na muda si mrefu unajikuta ndani ya hifadhi. Gari la abiria linapita katikati ya hifadhi hiyo hiyo ambayo wageni wanailipia kwa dola. Twiga wanasimama kando ya barabara wakiwatazama akina mama waliopakata ndoo na vifaranga, na akina mama hawana habari nao. Wanazungumza bei ya mbolea. Kisha unafika lango la Momela, mahali ambapo wapanda mlima wanakabidhiwa askari mwenye bunduki wa kuwasindikiza, na ukilipita unakuja kwenye mashamba ya nyanya. Hapo ndipo kwetu, kwa maana ya kwa baba yangu. Mimi mwenyewe nilizaliwa na kukulia Tanga, baba alikopelekwa na kazi. Naomba ulishike hilo la Tanga, maana lina kazi yake mbele.

Nilimkuta shangazi uani, ameketi kwenye kigoda anachambua nyanya, zilizoiva sana upande huu, za kwenda sokoni kesho yake upande ule. Tukasalimiana, nikapewa kigoda changu na chai. Akaanza kunisimulia habari za jogoo wa jirani aliyeingia kanisani Jumapili wakati wa matangazo, na mzee wa kanisa aliyemkimbiza na kapu la sadaka mkononi. Shangazi ni msimulizi. Alipofika pale jogoo aliporuka juu ya kinanda, mwenyewe alishindwa kuendelea. Alicheka hata akajishika mbavu, kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi, nyanya bado iko mkononi. Jua la saa kumi lilikuwa linampiga usoni, na nyuma yake Meru ulikuwa umevua wingu lake kwa mara ya kwanza siku ile. Nikatoa simu. Nikapiga picha moja.

Sitaki kujisifu, lakini ilikuwa picha. Mimi ni mtu wa sauti, si mtu wa kamera, na picha zangu nyingi huwa ni vidole vyangu mwenyewe. Hii ilitoka kana kwamba kuna mtu alinishika mkono. Basi kabla gari halijafika Usa River nilikuwa nimekwisha itupia mtandaoni, kama vijana wasemavyo, pamoja na maneno mawili matatu juu ya furaha ya kweli ya watu wa shamba. Maneno hayo nikiyasoma leo natamani ardhi ipasuke.

Jioni simu ikaanza kulia, na haikunyamaza mpaka nikaizima. Watu waliipenda. Walioko Mwanza wakaipenda, walioko Muscat wakaipenda, na mtu mmoja aliyesema yuko Minnesota akaandika kwamba imemkumbusha mama yake. Mazungumzo yangu ya redioni, ambayo nayaandika na kuyafuta na kuyaandika tena, hayajapata hata siku moja robo ya sifa hizo. Lakini kufikia asubuhi walikwisha ingia wengine. Mmoja aliuliza bibi huyu anatumia dawa gani ya mswaki ili yeye aikwepe. Mwingine akasema meno yameota kutu. Wa tatu hakuandika neno, aliweka tu safu ya vile visura vinavyocheka machozi, na chini yake wakapanga foleni wenzake.

Nilikasirika, nikafuta maneno ya watu wawili watatu, nikaenda kazini. Picha yenyewe sikuifuta. Nitasema kweli: sifa zilikuwa tamu.

Siku ya tatu shangazi akapiga simu. Kwa kawaida yeye hapigi, anabipu, mimi ndiye ninayempigia. Safari hii alitumia salio lake mwenyewe, nikajua pana jambo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hujambo mwanangu? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, shangazi."

"Nasikia nimefika Dar es Salaam."

Nikacheka kidogo, peke yangu. Nikamwambia: "Ile picha? Watu wameipenda sana, shangazi. Ni nzuri mno."

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Wewe uliniuliza?"

Sikuwa na jibu.

"Mjukuu wangu ameonyeshwa na wenzake huko chuoni. Wanacheka. Hakuwaambia kwamba mimi ni bibi yake."

Kisha akaniaga vizuri, akawasalimu watoto, akakata simu.

Ndugu msikilizaji, wewe uliye Arusha habari ya meno haya unaijua, lakini wewe uliye Mtwara au Bukoba huenda huijui, na waliocheka mtandaoni kwa hakika hawaijui. Meru ni mlima wa volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na katika vifusi vya maporomoko hayo ndimo yalimo maziwa ya Momela tunayowapeleka wageni kuwaona heroe. Miamba na majivu ya mlima huo yana madini ya floraidi, na maji yakipita humo yanayayeyusha na kuondoka nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Katika chemchemi na mito ya upande ule kipimo hicho kinapitwa mara kadhaa, na katika maziwa yenyewe, ambayo hakuna anayekunywa, ni mamia ya miligramu. Kuna hata kijito, na mji mdogo barabarani, vinavyoitwa Maji ya Chai, na jina hilo halikutolewa kwa utani.

Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka yake ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yanamtoka yakiwa na madoa ya kahawia. Doa hilo halitoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi, kwa sababu halikupakwa juu, limeumbwa ndani. Floraidi ikizidi mno inaingia mpaka kwenye mifupa, na wapo watoto waliopinda miguu kwa ajili yake. Pale Ngurdoto serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na dawa inayofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa namna maalumu, inasagwa, na maji yanachujwa humo. Kazi ipo na inaendelea. Lakini shangazi amepita miaka 70, na maji aliyoyanywa akiwa na miaka mitatu hayachujiki tena.

Sasa rudi Tanga. Meno yangu ni ya maji ya Tanga. Nimekwenda Momela tangu utoto wangu, nimekula, nimelala, nimezika huko, na sikuwahi hata mara moja kufikiria meno ya shangazi, kwa sababu mwenye meno meupe hana haja ya kufikiria meno. Tena nimechagua kazi ambayo hata kama ningekuwa kibogoyo usingejua.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda kuomba radhi. Nilibeba kilo tano za sukari, jambo ambalo shangazi alilitazama kwa jicho la pembeni, lakini alizipokea. Hatukuzungumza habari ya picha mpaka tulipokwisha kula. Ndipo akainuka, akatoa chini ya kitanda sanduku la bati, akanipa.

Lilikuwa na picha. Nyingi ya hizo nilikwisha ziona nikiwa mtoto. Ipo ya kipaimara chake, nyeusi na nyeupe, wasichana sita wamevaa magauni meupe mbele ya kanisa. Ipo ya harusi yake. Zipo ndogo za pasipoti, zilizobaki baada ya vitambulisho na vyeti. Ipo ya mazishi ya babu, watu wamesimama nyuma ya jeneza kama timu ya mpira. Akaniambia, "Nitafutie jino."

Nilitafuta. Ndugu msikilizaji, katika sanduku lile zima, miaka hamsini ya ukoo mzima, harusi, ubatizo, Krismasi na kipaimara, sikuona jino hata moja. Wote wamebana midomo. Miaka yote nilidhani ni ule ukali wa wazee wa zamani mbele ya kamera, ule wa kusimama wima kama unaapishwa. Kumbe wale wasichana sita walikuwa wakiumwa mbavu kwa kucheka mpaka sekunde ile. Shangazi alinieleza kwamba mpiga picha alikuwa anakuja na baiskeli siku ya kipaimara, anawapanga, anawaambia chekeni, na wao wanabana. Picha ilikuwa moja kwa mwaka, pengine moja kwa miaka mitatu. Mkanda unakwenda mjini kusafishwa, unarudi baada ya majuma mawili, na mara nyingine haurudi kabisa, mpiga picha kahama na hela zenu. Picha ya namna hiyo hukubali iharibike. Unaichagulia nguo, unaichagulia na mdomo.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, kwa sababu ndivyo picha zilivyokuwa kwetu sote kwa muda mrefu. Pale Unguja ipo studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na miji yetu yote ilikuwa na studio zake, zenye pazia lililochorwa bustani au ndege na kiti kimoja kizuri cha kukalia. Mtu alikwenda kwa miguu yake. Alivaa alichotaka, mara nyingine koti la kuazima, akakaa alivyotaka, akalipa, akachukua nakala zake. Akafika nyumbani akazitia kwenye albamu. Na albamu, wasomaji wa umri wangu mtakumbuka, ilikuwa inatolewa kwa mgeni pamoja na soda wakati chakula hakijaiva. Mwenye nyumba ndiye aliyeamua mgeni gani apewe albamu, na mgeni gani apewe soda tu.

Simu imeondoa gharama ile, na mimi nasema imefanya vyema. Sitaki nisikike kama mzee anayelilia mambo ya kale. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alipoanza mwaka 2005 kuweka mtandaoni picha za harusi, misiba, mahafali na watu waliokutana tu barabarani, Watanzania walioko nje walikuwa wanafungua ukurasa wake kila asubuhi kabla ya chai. Hawakufungua kwa ajili ya viongozi. Walitaka kuona Kariakoo kuna matope kiasi gani, fulani amenenepa au amekonda, nani kaoa. Siku hizi hatuhitaji hata mpiga picha wa gazeti. Shangazi mwenyewe ana kitukuu aliyezaliwa ng'ambo, hajamshika mkononi, lakini anamjua alipoanza kukaa, alipoota jino la kwanza, alipojimwagia uji kichwani. Picha hizo anaonyeshwa kwenye simu ya jirani kila Jumapili baada ya ibada, na huwa anataka arudishiwe ile ya uji mara mbili tatu. Mtu asiniambie kwamba hiyo ni hasara.

Na Momela kuna sababu nyingine ya kufurahia simu hizi. Momela imepigwa picha kuliko vijiji vingi vya nchi hii, ila wenyeji wake hawamo. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, na sehemu yake kubwa ilipigwa huku kwetu, Momela na Arusha mjini. John Wayne anakamata vifaru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya, na mwanamke wa filamu hiyo, aliyeigizwa na Elsa Martinelli, ni mpiga picha. Mwigizaji mwenzao, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda hata akanunua shamba hapo hapo akakaa miaka. Mimi nimeitazama filamu ile mara nyingi. Mlima upo, maziwa yapo, tembo wadogo wanakimbia mitaani Arusha. Watu wetu wapo pia, wanashika kamba, wanafungua milango, wanapita nyuma. Hakuna anayewauliza kitu.

Baada ya filamu wakaja watalii, nao na kamera zao. Sote tumekulia katika manung'uniko yale: mzungu kasimamisha gari, kateremsha kioo, kampiga picha mama anayechota maji, kapandisha kioo, kaondoka. Mama hajui picha ile iko ukuta wa nani leo. Siku hizi waongoza watalii wengi huwaonya wageni wao waombe ruhusa kwanza, na wageni wengi wanaomba. Mtoto wa Ngare Nanyuki akipigwa picha na mgeni kutoka Uholanzi kuna uwezekano mzuri kwamba ataulizwa. Akipigwa na mjomba wake kutoka Njiro, haulizwi. Nilipofika hapo katika mawazo yangu, nikiwa nimeshika sanduku la bati magotini, ndipo nilipoona nimeteremsha kioo, nimepiga, nimepandisha.

Nikamwambia shangazi: "Basi nimekuelewa. Sitakupiga tena picha ukiwa unacheka."

Akaniona mjinga. "Nani kakwambia sitaki kucheka? Ile picha naitaka. Nisafishie, kubwa, niweke ukutani. Na uitume kwenye grupu."

Alimaanisha grupu la ukoo, lile la WhatsApp, ambalo yeye halisomi mwenyewe bali anasomewa. Nikamuuliza, kulikoni? Kule kuna watu sitini na kitu, tena wenye midomo.

"Kule wote tuna meno haya," akasema.

Hapo nikapata somo ambalo diploma yangu ya uandishi wa habari haikunipa, na nilikaa darasani miaka miwili. Shangazi hakuwa na ugomvi na picha. Hakuwa hata na ugomvi na kuonekana. Alicheka vile mbele yangu kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, na kicheko kile alinipa mimi. Angewapa na wengine sitini bila kinyongo. Mimi nilichukua kitu nilichopewa uani nikaenda kukigawa stendi. Kumpiga mtu picha ni jambo moja, na yeye anaweza kuwa ameridhia kwa kucheka tu, kwa kutokugeuza uso. Kuipeleka picha ile kwa macho mengine ni jambo la pili, na ridhaa ya kwanza haifiki huko. Lazima uulize tena. Na ukiulizwa "kwa nani?" uwe na jibu, kwa sababu "mtandaoni" si jibu; mtandaoni hakuna mtu mmoja anayeitwa hivyo.

Ipo sheria, kwa wanaopenda kusikia sheria. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Sizibezi. Lakini shangazi hataacha nyanya zake kwenda kunishitaki mtoto wa kaka yake, na mimi nilimfanyia niliyomfanyia nikiwa nazijua sheria zote hizo, tena nikiwa nimezisoma hewani. Watu waliomtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi waliyonyang'anywa pale pale Ngare Nanyuki hawashindwi kudai haki. Wanashindwa kudai kutoka kwa ndugu.

Na hapa nimezungumzia kicheko, ambacho ni kitu chepesi. Yapo mazito. Sisi wa Arusha tunaikumbuka Mei 6, 2017, basi la wanafunzi lilipoanguka Karatu tukapoteza watoto 32, walimu wao wawili na dereva. Siku ile simu yangu ilipokea picha ambazo sikuziomba na ambazo sitazieleza. Walionitumia hawakuwa watu wabaya. Mmoja ni mtu ninayemheshimu sana. Kila mmoja aliandika chini yake "inasikitisha", akabonyeza, ikaenda. Tazama ndani ya simu yako sasa hivi, ndugu msikilizaji: yumo mgonjwa amelala wodini na mipira puani, aliyetumwa na mwanawe ili muombe. Ni vizuri kuomba. Lakini mgonjwa yule, kabla hajaugua, alikuwa hatoki nje bila kuchana nywele.

Niliporudi mjini niliifuta picha ya shangazi kwenye ukurasa wangu. Kufuta ni rahisi, unabonyeza mara mbili. Kesho yake rafiki yangu wa Mwanza akanitumia picha hiyo hiyo, safari hii ikiwa imeandikwa juu yake kwa maandishi makubwa mzaha ambao sitaurudia, akaniuliza, "Huyu si yule bibi wa kwenye ukurasa wako?" Mtu aliihifadhi siku ile ya kwanza, akaichezea, akaipeleka alikopenda. Kila anayeipokea ana nakala yake ndani ya simu yake, na mimi niliyeipiga sina tena mamlaka kuliko mtu wa mwisho kuipata. Nilimwomba rafiki yangu aifute, akaifuta, naamini. Nikamwomba amwombe aliyemtumia. Hapo uzi ukakatika. Alikuwa ameipata katika kundi la watu wa timu ya mpira.

Shangazi sijamweleza habari ya mzaha ule. Nilimweleza mjukuu wake wa chuoni, kwa sababu huyo angeuona hata nisiposema. Alinijibu kwa maneno machache kwamba ameuona tayari, na kwamba safari hii aliwaambia wenzake kuwa yule ni bibi yake, akawaeleza na habari ya maji. Sikumuuliza walisemaje. Ya ukutani nimeisafisha, kubwa kama alivyotaka, nimeitia kwenye fremu, na iko sebuleni kwake juu ya redio. Mgeni akiingia ndiyo anayoiona kwanza, kabla ya soda.

Mhariri wa gazeti linalochapa mazungumzo haya kila juma alinipigia jana. Alikuwa ameyasoma na ameyapenda, akaniuliza kama anaweza kupata picha hiyo, aiweke hapo juu, kwa heshima zote, bila jina, ili wasomaji waone tunachokizungumzia. Nikampigia shangazi, nikamweleza vizuri: ni gazeti, linauzwa mijini, watu wengi wataliona, wengine watafungia maandazi. Akaniuliza kama wanaolisoma wanakunywa maji ya Momela. Nikasema wachache sana.

Akasema hapana.